Tutakurudia, Mama

Ukiwauliza watu wa chuo chetu Kathure ni mtu wa aina gani, watakwambia ni mtu mzuri, na hawadanganyi. Nimeishi naye nyumba moja hapa Embu miaka kadhaa, tunagawana jiko na bafu, na sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Mwenye kufoka ni mimi. Mimi ni Wanjugu, nafundisha ushonaji, na mwanafunzi akinikatia kitambaa kombo, hata walio darasa la upishi watajua. Kathure yeye anakaa pale mapokezi na sauti yake ya pole, kucha zimepakwa rangi vizuri, na kila anayeingia hutoka akitabasamu. Shida ni kwamba wengi wao hutoka mikono mitupu na hawajui.

Neno lake lilikuwa hilo moja: "We'll get back to you." Akija mzee na kofia mkononi, alimwambia kwa Kiswahili, "Tumekusikia, baba, tutakurudia." Alifundishwa na mkuu wetu, Bwana Gachoki, alipoanza kazi. Gachoki alimwambia mtu haambiwi hapana mlangoni, hapana inaharibu jina la chuo. Mwambie utamrudia, aende kwake na moyo mweupe, baada ya siku chache ataelewa mwenyewe. Na kwa kweli watu wa mjini huelewa wenyewe. Ukiomba kazi ofisini Embu ukaambiwa watakurudia, unapitia dukani kununua mkate na kuendelea na maisha yako.

Basi Kathure akalishika hilo neno, likamkaa mdomoni kama ubani wa kutafuna. Fundi wa mabomba akiomba kazi, atamrudia. Muuza vitabu, atamrudia. Kina mama wa kanisa walimwomba awe katibu wao, akawaambia, "Let me get back to you," wakangoja, wakachoka, wakamchagua mwingine. Kulikuwa na Nyamu, mwalimu wa umeme, kijana wa heshima zake, shati limepigwa pasi mpaka kola. Akamwuliza kama wanaweza kwenda kula pamoja Jumapili. Kathure akamwambia atamrudia. Nyamu alingoja mpaka akaoa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Runyenjes. Siku ya harusi tulikaa meza ya nyuma tukacheka mpaka nikapaliwa na pilau, na Kathure mwenyewe alicheka. Hakuwa na roho mbaya. Alikosa tu ule ugumu wa kumtazama mtu machoni na kumkatalia.

Mimi nilikuwa namwambia, "Wewe utakuja kuumiza mtu na huo upole wako." Nilisema tu vile mtu husema akiosha vyombo. Sikuwa na habari kwamba mtu alikuwa ameshaumia, na kwamba mali yake ilikuwa imekaa nyuma ya mlango wetu wa jikoni.

Sasa sikiliza. Kila mwaka kuna watu wa kanisa wanaolipia msichana mmoja kozi ya ushonaji katika chuo chetu. Wanamlipia kila kitu, mpaka kitanda. Ni mmoja tu. Mwaka huu nilimchagua mimi mwenyewe, msichana kutoka Muthara kule Tigania, anaitwa Purity. Alikuja kwa usaili na sketi aliyoishona kwa mkono, na nikaigeuza ndani nje nikatafuta uzi wa kuning'inia nikaukosa. Mimi simsifu mtu ovyo, lakini huyo nilimwandika kichwani. Siku ya kuripoti ilipofika, Purity hakuonekana. Wiki ya kwanza ikaisha. Gachoki akampa nafasi msichana mwingine wa hapa karibu, na mimi nikasimama mbele ya darasa nikasema watoto wa siku hizi wanapewa mlango wazi na bado wanakaa nje. Nilimtaja kwa jina. Wanafunzi wote walisikia.

Siku hizo hizo nyumbani tulikuwa tunakula vizuri sana. Kathure alikuwa ameleta kiondo kimejaa ndizi za kupika, mbaazi mbichi na chupa ya asali. Sikuuliza. Kathure ni mtu wa Nkubu, na watu wa Meru hawana siku ya kusafiri bila mzigo, nikajua ni ndugu yake amepita. Asali niliimaliza mimi na chai. Kiondo kikabaki, nikakitia vitunguu.

Miezi ikaenda. Jumamosi moja nilitaka kwenda sokoni, na unajua mifuko ya plastiki tulikatazwa, nikamwaga vitunguu kwenye karai nikakibeba kiondo begani. Kathure alikuwa anapiga nguo pasi. Akaacha pasi juu ya nguo, akaja akakishika mkanda.

"Hicho kiache."

"Naenda nacho sokoni, nakirudisha."

"Wanjugu, nimesema kiache. Si chetu."

Nikasikia harufu ya nguo ikiungua. Nilipokwisha kuchomoa pasi, nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kiondo mapajani, analia bila sauti. Nikamwuliza ni cha nani. Akasema, "Cha mama ya Purity."

Aliniambia yote hapo jikoni. Siku chache kabla ya kuripoti, mwanamke mmoja aliingia pale mapokezi na vumbi mpaka magotini. Akasema anaitwa Kaari, ametoka Muthara. Alisalimia kwa Kimeru, "Muga," na aliposikia Kathure anaitika vizuri alifurahi kama amekuta mtu wa kwao nchi ya mbali. Akamweleza kwamba mtoto ameungua mkono wa kulia, sufuria ya githeri ilimteleza. Daktari amesema bandeji ikae kwanza. Hawezi kushika sindano leo wala wiki ijayo, lakini atapona. Aliomba jambo moja: wamwekee nafasi yake mpaka mkono upone. Kisha akanyanyua kiondo akakiweka juu ya kaunta, na Kathure akakipokea kwa mikono miwili.

"Gachoki hakuwa ofisini," Kathure akaniambia. "Nikamwambia, tumekusikia, mama, tutakurudia. Na nilikuwa nataka kumwambia Gachoki. Haki nilitaka."

"Ukamwambia?"

"Nikasahau. Simu zililia siku nzima. Halafu asubuhi moja Gachoki akapita akiuliza kama yule wa Muthara ameripoti. Nikasema bado. Hiyo tu, bado. Nilikuwa nahesabu vitambulisho, hata sikuinua kichwa. Jioni nafika hapa nawasha taa, naona kiondo. Nikakumbuka. Kesho yake nakimbia kazini nakuta msichana mwingine ameshapewa kitanda."

"Na ukanyamaza."

"Nikasema atapiga simu, nitamweleza. Hakupiga."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu yeye anajua na mimi najua kwa nini Kaari hakupiga. Huku kwetu milimani, Embu na Meru ni moja kwa jambo hili. Mtu akija kwako na ombi, akakupa kiondo chake ukakipokea, umepokea na lile ombi. Kiondo ni chake, lazima kirudi, hakirudi kitupu, na jibu linarudi pamoja nacho, liwe zuri au baya. Mwenye kiondo haulizi. Kukiulizia ni kama kukwambia wewe ni mwizi, na hakuna mama wa heshima atakayefanya hivyo. Anakaa kwake anangoja. Mtu wa mjini angesikia lile neno la Kathure na kulielewa. Kaari yeye aliangalia mikono iliyopokea kiondo, akaenda nyumbani akatulia kabisa.

"Na mimi nikala asali yake," nilisema. "Na nikamtukana mtoto wake darasani. Kathure, wewe ni mtu gani?"

Alikuwa anatoa maganda ya vitunguu ndani ya kiondo, moja moja, kwa kucha zake zile nzuri.

Jumatatu aliingia kwa Gachoki akamweleza. Mimi nilisimama mlangoni, nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Gachoki hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema ni bahati mbaya, nafasi imekwenda, mwakani kuna nyingine lakini hawezi kuahidi kwa sababu wenye kuchagua ni wengi. "Mpigie huyo mama simu," akasema, akirudi kwenye kompyuta yake. "Tell her we'll get back to her."

Kathure alitoka pale amekuwa wa rangi ya majivu. Alinipita bila kuniona. Jioni aliniuliza kama nitamsindikiza Muthara, nikamwambia nitaenda, lakini si kwa ajili yake.

Tulipofika Meru mjini tulishuka Majengo tununue vitu. Mchele wa Mwea tulikuwa tumetoka nao Embu. Kathure akaongeza sukari, majani ya chai, sabuni na mafuta ya kupikia, akawa anashindilia mpaka mkanda ukalia. Nikamwambia kimetosha. Akasema hapana, akaongeza na nyama. Muuza duka akamwuliza kama anaenda kuposa. Akajaribu kucheka, akashindwa, akaegemea kaunta.

"Wanjugu, nenda wewe. Mimi nitakungoja hapa."

"Niende nikaseme nini? Mimi ndiye niliyepokea?"

"Sitaweza kumwangalia."

"Utaweza. Beba kiondo chako."

Najua nilikuwa mkali. Sijutii. Ningemwacha pale Majengo, kile kiondo kingezeeka mikononi mwake.

Kwa Kaari si mbali na soko la Muthara, ni boma dogo lenye migomba nyuma ya nyumba na mbaazi mpaka kwenye ua. Alikuwa nje anachambua ndengu kwenye ungo. Aliinua kichwa, akamwona Kathure, akaona kiondo. Akaona kilivyojaa, na mwenye kukileta ni mtu wa ofisi mwenyewe, amekuja kwa miguu yake kutoka Embu. Ungo ukaenda chini, ndengu zikamwagika kwenye vumbi.

"Purity," aliita. "Purity, njoo. Si nilikwambia? Watu wa Embu wamekuja."

Hapo nilitaka ardhi ipasuke. Tulikuwa tumekijaza kiondo kwa aibu, tukidhani tunapunguza kosa, na sisi wenyewe tumezaliwa kwenye hii desturi. Hakuna mtu anayebeba kiondo kizito hivyo kupeleka habari mbaya. Kila kilo ya mchele tuliyotia ilikuwa inamwambia yule mama ndiyo.

Purity alitoka ndani anakimbia, akajipangusa kwenye kanga. Hakutusalimia kwanza. Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya Kathure, wenye kovu jekundu kutoka kidole gumba mpaka kiwiko, akaufumba na kuufumbua.

"Umepona, auntie," alisema. "Hata sindano nashika. Nashona kila siku usije ukakauka."

Kathure aliuangalia ule mkono. Kisha akaanza, na nikasikia ni ile sauti ya kaunta: "Mama, unajua, chuo kiliangalia mambo mengi mwaka huu, na…" Nilimkanyaga mguu, nami nilikuwa nimevaa viatu vya visigino. Akanyamaza. Akaweka kiondo chini, akapiga magoti palepale penye ndengu.

"Mama, nafasi haiko," alisema. "Amepewa mtu mwingine. Nilisahau kupeleka neno lako. Halafu nikajua imepotea, nikaogopa kukwambia. Ni mimi. Si chuo, ni mimi."

Purity alikuwa bado ameunyoosha mkono. Aliurudisha polepole, akauficha ndani ya kanga.

Kaari hakupiga kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, hata nilikuwa nazitaka. Aliketi kwenye kigoda chake, akamwuliza Kathure, "Ulijua lini?"

"Kesho yake tu, mama, baada ya kupewa mwingine."

"Na kiondo ulikuwa nacho."

"Nilikuwa nacho."

Kaari alitutazama kwa zamu. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Ungeniambia hapana siku ile, ningekasirika. Ningelia njiani. Lakini ningefika nyumbani nimpeleke huyu kwa fundi wa hapo sokoni. Fundi alikuja mwenyewe hapa bandeji ilipotoka, anamtaka, ana cherehani imekaa bure. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia tumeshikwa na Embu, kiondo chetu kimepokewa. Amechukua msichana mwingine."

Nilikumbuka lile darasa langu na jina la Purity kwenye ulimi wangu, nikaangalia viatu vyangu.

Kathure alikuwa bado magotini. Tulikuwa tumezungumza njiani, tukakubaliana, sasa akasema yote kwa pupa. Kwamba Purity aje akae na sisi Embu, chumba kipo, chakula kipo. Kwamba mimi Wanjugu nitamfundisha jioni kwa cherehani yangu, bure, mpaka mwakani. Kwamba yeye Kathure atasimama kwa Gachoki kila siku mpaka nafasi ipatikane. Nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli, ningemfundisha hata usiku kucha. "Nisamehe, mama," Kathure akamalizia. "Tupe mtoto tumfundishe. Unasemaje?"

Kaari aliinuka. Alikivuta kiondo, akatoa mchele, sukari, majani, sabuni, mafuta, nyama, akavipanga juu ya mkeka, na kwa kila kimoja akasema asante. Alipokwisha akakikung'uta, yakaanguka maganda mawili ya vitunguu. Akayaangalia. Kisha akakipeleka ndani, nikamsikia akikitundika kwenye msumari.

Aliporudi alimshika Kathure mkono akamwinua, akampangusa vumbi kwenye magoti vile mama humpangusa mtoto.

"Asante, mwanangu," alisema. "Tumekusikia. Tutakurudia."

Nilimtazama usoni haraka nione kama anatukejeli. Sikuona kejeli. Sikuona kitu chochote ambacho ningeweza kukisoma, na mimi husoma watu. Huenda alikuwa anataka kwanza kuongea na mtoto wake, kama mzazi yeyote. Huenda lilikuwa jibu tayari. Alitusindikiza mpaka kwenye lango, Purity akabaki ndani. Na hapo langoni Kaari alisimama, mikono ameifunga kifuani, akatuaga. Sijawahi kutoka kwa mtu wa Meru bila hata ndizi moja ya njiani. Siku hiyo tulitoka hivyo.

Njia nzima mpaka Embu Kathure alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja juu, anavitazama.

Siku hizi amebadilika, na si kila mtu anampenda. Mtu akija kuomba kazi na kazi hakuna, anamwambia hakuna, jaribu kwingine leo leo. Gachoki amemwonya mara mbili. Watu wanaotoka pale wanasema huyo msichana ana kiburi, zamani alikuwa mzuri. Akitoka kazini anakuja nyumbani, anapika, ananitengea mimi, na cherehani yangu ameisogeza karibu na dirisha penye mwanga. Kitanda cha tatu amekitandika. Nilimwambia atoe shuka zisiingie vumbi, akasema ziache.

Simu yake ikilia na nambari asiyoijua, anaacha kila kitu, anajipangusa mikono, anasimama wima kabla ya kupokea. Nyingi huwa ni watu wanaouliza karo. Jana jioni alinigeukia tukiwa tunamenya viazi.

"Wanjugu, wewe uliyemwona usoni. Unafikiri alikuwa anamaanisha?"

Nilijua jibu nililonalo, na nilijua halitampendeza. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ngoja nifikirie, nitakwambia."